Panya Aliyezeeka Kabla ya Wakati

Juzi hapa Nyashimo tulikuwa tukisafisha ghala la mahindi, tukaua panya. Mzee mmoja akaniuliza, "Bwana Shamba, umewahi kuona panya mzee?" Tulicheka. Panya wa ghalani hazeeki, paka humwahi.

Lakini panya wanaofugwa na wataalamu huzeeka kama sisi. Mwaka 2002 wataalamu wa Houston, Marekani, walieleza habari zao. Mwilini mna protini iitwayo p53. Kazi yake ni ulinzi. Chembe za mwili zikidhurika, kwa mfano kwa jua kali, protini hiyo huzizuia zisiongezeke na kuleta saratani.

Sasa, panya fulani walikuwa na mlinzi mwenye bidii kupita kiasi. Saratani haikuwapata sana. Lakini walizeeka mapema. Migongo ilipinda, mifupa ikawa dhaifu, vidonda vikachelewa kupona. Yaonekana mlinzi alizuia mno: chembe kuukuu zilichoka, na mpya za kushika nafasi zao zikapungua.

Panya si mtu. Na dawa ya kuzuia uzee haipo. Anayeiuza mnadani anataka fedha yako tu.

Nilimwambia yule mzee: uzee unatoka ndani ya mwili. Bibi aliyepinda mgongo mapema hakurogwa, wala yeye si mchawi. Macho yake mekundu ni ya moshi wa jikoni. Huku kwetu Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kushukiwa hivyo.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Jumapili njoo uwaeleze na vijana wangu."