Nabii Mwanamke, Mchungaji Mwanamume

Mtu akisimama Mtae, ukingoni mwa milima ya Usambara wilayani Lushoto, huliona bonde la Mkomazi chini yake, na ng'ambo yake milima ya Upare. Huko Upare, mahali paitwapo Giti, ndiko Waadventista Wasabato walikofungua misheni yao ya kwanza nchini mwetu mwaka 1903. Waliofika walikuwa wanaume wawili kutoka Ujerumani, Ehlers na Enns. Lakini sehemu kubwa ya mafundisho waliyokuja nayo ilitoka katika kalamu ya mwanamke.

Ellen White alizaliwa mwaka 1827 katika jimbo la Maine, Marekani. Akiwa na miaka tisa alipigwa jiwe usoni na mwanafunzi mwenziwe, akaugua hata masomo yakamshinda. Binti huyo aliyekosa shule ndiye aliyeanza kusimulia maono mwaka 1844, wakati waliomngoja Kristo arudi tarehe 22 Oktoba walipokuwa wamevunjika moyo. Yeye, mumewe James, na nahodha wa zamani Joseph Bates waliwakusanya waliotawanyika, hata kanisa likaundwa mwaka 1863. Alihutubia mikutano, akahimiza shule na hospitali, na kuandika mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1915.

Mwaka 1881 mkutano mkuu wa kanisa hilo ulipokea pendekezo la kuwawekea mikono wanawake wawe wachungaji. Lilipelekwa kwenye kamati, likalala huko. (Kamati zina desturi hiyo, wala si za kanisa peke yake.)

Wako wanaojibu kwamba nabii huitwa na Mungu ilhali mchungaji huwekwa na kanisa, na kwamba Ellen White mwenyewe hakuwahi kuwekewa mikono. Jibu hilo halinitoshi. Ikiwa sauti ya mwanamke ilifaa kuliongoza kanisa zima, ni kitu gani kinachomzuia binti wa Kipare kuongoza mtaa mmoja?

Walutheri, walioanza kazi Mlalo, Usambara, mwaka 1891, nao hawakuwa wepesi. Kanisa lao nchini liliridhia uchungaji wa wanawake mwaka 1990, yaani baada ya miaka 99.

Waadventista walipiga kura San Antonio, Marekani, mwezi Julai 2015. Wajumbe 1,381 walikataa kuziachia divisheni zao za dunia ziamue zenyewe, 977 walikubali. Wengi mno wa wapiga kura hao walikuwa wanaume.