Mwenye Msitu Alipwe, na Sheria Imbane

Dalali wa ardhi akimfikia mwenye msitu hazungumzii maji wala hewa. Anataja bei ya ekari ikishakatwa viwanja, na kwa hesabu hiyo msitu unashindwa mapema. Serikali inayotaka misitu ya watu binafsi ibaki imesimama ina jambo la kujibu: imlipe nini mwenye mali ili asiuze?

Kosta Rika ilijibu mwaka 1996. Sheria yake ya Misitu, namba 7575, ilipiga marufuku kugeuza msitu kuwa malisho, shamba au makazi, hata kama una hati miliki ya mtu binafsi. Papo hapo ikakiri kwamba mwenye msitu analihudumia taifa: miti yake inafyonza hewa ukaa, inahifadhi maji, viumbe na mandhari. Kwa hiyo alipwe. Fedha zimetoka hasa kwenye kodi ya mafuta, zikapitia mfuko wa FONAFIFO unaofunga mikataba na wenye ardhi na kuwalipa kwa hekta. Anayejaza tangi la gari mjini San José anamchangia mkulima aliyeiacha miti yake.

Mpango huu umesifiwa dunia nzima, pengine kupita kiasi. Misitu iliyokuwa imepungua hadi takriban robo ya nchi katika miaka ya 1980 leo inafunika zaidi ya nusu yake. Ila ahueni ilianza kabla ya malipo: biashara ya nyama ya ng'ombe ilididimia, malisho yakaachwa, miti ikarudi yenyewe. Watafiti waliochunguza miaka ya mwanzo waligundua kuwa fedha nyingi zilikwenda kwenye ardhi ambayo haikuwa katika hatari kubwa ya kufyekwa. Tena kwa muda mrefu malipo ya kuhifadhi yalikuwa kama dola 64 kwa hekta kwa mwaka. Kiasi hicho hakimzuii mtu aliyepata mnunuzi wa kujenga hoteli pwani ya Guanacaste. Kinachomzuia ni marufuku.

Malipo ni ya nini basi? Ni ya haki. Marufuku tupu inamtwisha mtu mmoja gharama ya faida inayoliwa na wote, na sheria ya namna hiyo hukosa watetezi vijijini. Malipo bila marufuku nayo ni zawadi kwa asiyekuwa na nia ya kukata.

Kenya imesogea nusu ya njia. Sheria ya misitu ya 2016 inamruhusu mwenye msitu binafsi uliosajiliwa kuomba asamehewe kodi ya ardhi, yote au sehemu. Kuomba si kustahiki. Ekari zake zikiwa kando ya mji unaopanuka, hawezi kungoja hisani ya ofisi huku dalali yuko mlangoni. Kaunti ziuandike msamaha huo katika sheria zao za fedha kama haki ya kila mwenye msitu uliosajiliwa, na akiupokea, ardhi hiyo isibadilishwe matumizi.