Pasipoti ya mtoto wa Masisi haikwishi kwa uzembe wa mama

“Mzazi mwenye akili hangojei pasipoti ikwishe.” Maneno hayo nimeyasikia Goma, nimeyasikia kwa ndugu zetu wa kambi ya Nakivale nchini Uganda, na nimeyasikia kwenye simu za kutoka Brussels na Montreal. Husemwa hasa pale familia inapokaribia kukutana baada ya miaka ya kutengana. Baba amekwisha kupata makaratasi yake ng’ambo, dosye ya mke na watoto imefika ubalozini, kisha inagundulika kwamba pasipoti ya mtoto imepitwa na tarehe. Hapo lawama huenda moja kwa moja kwa mama. Mashemeji humgeuka, rafiki humhubiria, na yeye mwenyewe huanza kuamini kwamba ndiye aliyeizuia familia yake isikutane.

Imani hii ni ya uongo, na kwa watu wa Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, ni uongo unaoumiza. Wapo wazazi wanaochelewa, sikatai. Mtu wa Kinshasa, mwenye ofisi ya pasipoti, benki na mahakama ndani ya jiji moja, anaweza kuulizwa kwa nini tarehe ilimpita. Swali hilohilo ukimwuliza mama wa Nyabiondo au wa Pinga, unamdhulumu. Unamdai huduma ambayo serikali yenyewe haijamfikishia.

Tuifuate karatasi tangu mwanzo wake. Pasipoti ya mtoto huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inampa kila mtoto wa Kongo haki ya kuandikishwa bure ndani ya siku 90 tangu azaliwe, na Sheria ya Familia iliyorekebishwa mwaka 2016 inataja muda huohuo. Siku hizo zikipita, mzazi anahitaji hukumu ya mahakama ili mtoto apate cheti. Sasa jiulize siku 90 zina maana gani kwa mwanamke aliyejifungulia katika mabanda ya kambi ya Bulengo, pembeni ya Goma, huku afisa wa kijiji chake naye akiwa amekimbia na daftari za uandikishaji hazijulikani ziliko. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 na 2018 ulikuta kwamba watoto walioandikishwa, miongoni mwa walio chini ya miaka 5, ni takriban 40 tu katika kila 100. Hiyo ni nchi nzima, pamoja na miji yenye amani. Wazazi wa wale 60 waliobaki hawawezi kuwa wazembe wote. Watu wengi kiasi hicho wanaposhindwa jambo moja, kasoro iko katika jambo lenyewe.

Baada ya cheti cha mtoto huja kitambulisho cha mzazi. Nchi yetu haijafanya sensa tangu mwaka 1984, na kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho cha raia wa kawaida. Wakati wa uchaguzi wa Desemba 2023, Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita, na uandikishaji wa wapiga kura haukuweza kufanyika huko kama kwingineko. Kwa hiyo mzazi wa Masisi alikosa kura na akakosa pia kadi mpya ya kujitambulisha. Serikali iliyoshindwa kumpa mtu mzima karatasi ya kusema yeye ni nani inawezaje kushangaa kwamba karatasi ya mtoto wake imezeeka?

Kisha kuna bei. Mwaka 2015 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Semlex ya Ubelgiji, na pasipoti ikawa dola 185, miongoni mwa zilizo ghali kabisa duniani. Uchunguzi wa shirika la habari la Reuters uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika kila dola 185, dola 65 tu ndizo zilizoingia serikalini, na dola 60 zilikwenda kwa kampuni moja ya Ghuba. Mwaka 2020 bei ilishushwa hadi dola 99. Lakini watoto wengi ambao pasipoti zao zinapigiwa kelele leo walilipiwa enzi za bei ile ya juu. Mama mwenye watoto 3 alitoa dola 555 kwa vitabu vitatu vya kuishi miaka 5 tu, kabla hajahesabu nauli, picha, na mkono wa kamisioneri aliyekaa mlangoni. Alilipa kwa wakati. Kilichochelewa ni dosye ya kuungana, iliyokaa ubalozini hadi miaka 5 ya kitabu ikaisha.

Nimewahi kushika pasipoti ya namna hiyo. Picha ni ya mtoto mchanga, macho nusu yamefumba, na nyuma ya bega unaonekana ukingo wa mkono uliomshikilia asilale upande. Mwenye picha sasa ni msichana wa darasa la pili, meno mawili ya mbele yameng’oka. Pasipoti ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili, na mfuko umeshonewa ndani ya pindo la kitenge. Mama alikimbia nayo kutoka milima ya Masisi hadi Sake, kutoka Sake hadi kambini, na kambi zilipovunjwa Februari 2025, watu wakiamriwa kuondoka ndani ya saa 72, aliondoka nayo tena. Aliacha sufuria na godoro. Tarehe pekee ndiyo iliyomshinda kuilinda, na tarehe hailindwi kwa kushona.

Na tarehe ingeongezwa wapi? Masisi mjini iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa Januari 2025, Sake ikafuata, na mwisho wa mwezi huohuo Goma nayo ikatekwa. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa, serikali ya mkoa ikahamia Beni. Pasipoti hulipiwa benki, na mwombaji hufika mwenyewe apigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Ondoa benki, ondoa ofisi inayotambuliwa na Kinshasa, ondoa ndege, halafu mwambie mama “nenda karenew”. Aende Beni kwa kuvuka mistari ya vita, au atokee Gisenyi, upande wa Rwanda, na kuzunguka nchi jirani akiwa na mtoto ambaye hati yake imekwisha? Mzazi anayekataa njia hiyo analinda maisha ya mwanawe, na ndiyo kazi yake ya kwanza.

Walikale ina mateso yake. Teritwari hiyo ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, inakaribia ukubwa wa Rwanda nzima, na sehemu kubwa ni msitu. Kutoka vijiji vya Bakano au Wanianga, mtu hutembea siku kadhaa kabla hajaona gari. Zamani ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe pale Kilambo, zikabeba madini kwenda Goma, na abiria mwenye bahati akapata nafasi kati ya magunia. Mji wa Walikale ulitekwa tarehe 19 Machi 2025, na wapiganaji wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Mji ulibaki, lakini njia ya kwenda ofisi ya Goma ilikuwa imekatika.

Linalonikasirisha zaidi ni hili. Koltani ya Rubaya, huko Masisi, kwa miaka mingi ilifungwa magunia yenye lebo za namba, ili mnunuzi wa mbali ajue imetoka shimo gani. Bati la Bisie, huko Walikale, husafiri na makaratasi kamili hadi viwanda vya ng’ambo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka 2024 kwamba M23 ilikuwa ikikusanya takriban dola 800,000 kwa mwezi kwa kutoza kodi biashara ya Rubaya. Kwa hiyo uwezo wa kuandikisha upo, uwezo wa kufuatilia upo, na uwezo wa kukusanya pesa upo kwa kila anayeshika ardhi hii. Kila upande unadai kutuongoza, lakini mtoto wa mwanamke anayebeba hayo magunia hapati sahihi ambayo ubalozi utaikubali. Msiniambie basi kwamba kosa ni la mama.

Watetezi wa imani ile watasema: aliye kambini Uganda hana vita, mbona naye hakurenew? Jibu limo katika Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951. Kifungu cha 1C kinasema hadhi ya ukimbizi inaweza kukoma mtu akirudi kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia, na kuomba pasipoti ya nchi hiyo kunaweza kuhesabiwa hivyo. Mkimbizi wa Nakivale au Kyangwali anayeogopa kubisha hodi kwenye ubalozi wa Kongo ameelewa hatari kuliko sisi tunaomlaumu. Anaambiwa alete pasipoti mpya ili aungane na mumewe, na wakati huohuo anajua kwamba kuiomba kunaweza kutumiwa dhidi yake.

Kuna jambo jingine tunalolisema kwa kunong’ona, nami nalisema wazi. Familia nyingi za Masisi, hasa zinazozungumza Kinyarwanda, zikifika dirishani hazianzi kwa kuulizwa karatasi. Zinaanza kwa kutazamwa sura na kuulizwa jina. Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 inawatambua kama Wakongo wa asili watu wa makabila ambayo ardhi yao ndiyo iliyofanya Kongo wakati wa uhuru. Sheria haikumpa karani ruhusa ya kupima pua ya mtoto. Mzazi aliyedhalilishwa mara ya kwanza akisita kurudi mara ya pili, nani mwenye haki ya kumwita mzembe?

Wengine hushikilia kwamba tarehe ni tarehe, na hakuna nchi itakayopokea hati iliyokufa. Si kweli. Venezuela iliposhindwa kuwapa raia wake pasipoti, nchi kadhaa za Amerika ya Kusini zilikutana Quito mnamo Septemba 2018 na kukubaliana kuzipokea hati zilizokwisha muda. Mwaka uliofuata Kolombia ilifungua mpaka kwa pasipoti hizo, na Marekani ikazihesabu kuwa halali kwa miaka 5 zaidi. Kilichohitajika kilikuwa uamuzi wa viongozi.

Ulaya nayo inayo sheria, ingawa watu wetu hawaambiwi. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2003 kuhusu kuunganisha familia unasema ombi la jamaa wa mkimbizi lisikataliwe kwa sababu tu hakuna hati za undugu; ushahidi mwingine lazima utazamwe. Tarehe 18 Aprili 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua kesi ya mama na watoto wawili waliokwama Afrin, Syria, huku baba akiwa mkimbizi Ubelgiji. Ilisema Ubelgiji haiwezi kumlazimisha mtu wa hali hiyo afike mwenyewe ubalozini ili tu ombi lake lipokelewe. Badilisha Afrin uandike Masisi: njia zimefungwa vilevile, na ubalozi uko mbali vilevile. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu pia hutoa, tangu mwaka 1945, hati ya safari ya bure kwa asiyeweza kupata pasipoti, mradi nchi anayokwenda imekubali kumpokea. Mlango huo upo, na balozi zinaufahamu.

Kwa hiyo madai yangu yanaelekezwa panapostahili. Kinshasa itangaze kwamba pasipoti za watoto wa maeneo ya vita zilizokwisha muda zinaongezewa uhai, na iziarifu balozi zote. Ipeleke timu za kuandikisha watoto na mahakimu wa kutembea Walikale na kokote ambako njia ipo. Popote ambapo haiwezi kufika, ikubali karatasi ya hospitali na ushahidi wa chefu wa kijiji kuwa msingi wa cheti. Balozi za kigeni nazo ziache kumdai mama karatasi ambayo zinajua hakuna ofisi ya kuitoa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 10, unazitaka nchi zishughulikie maombi ya kuunganisha familia kwa moyo mwema, kwa utu na kwa haraka. Kongo iliuridhia mwaka 1990.

Na wewe ndugu yangu uliye ng’ambo, unayeshika simu ili umkaripie mkeo au shemeji yako, kata simu hiyo kwanza. Chukua kalamu. Mwandikie afisa wa dosye, taja mji na tarehe ulipotekwa, taja kwamba benki na ofisi zimefungwa, ambatanisha nakala ya pasipoti ya zamani na karatasi ya kliniki, omba kwa maandishi hati ya Msalaba Mwekundu, na mtafute mwanasheria wa wakimbizi aitaje hukumu ya Afrin kwa jina. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi ili uikatie rufaa. Nguvu uliyokuwa uitumie kumhukumu mama wa mtoto, itumie kumdai mwenye mhuri.