Ufa Usizibwe Kabla ya Kuulizwa

Kila mmoja wetu amekwisha kusikia methali isemayo, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba ya miti na udongo neno hili latosha. Lakini kwa zege, ambalo mafundi wetu wa Mulekera huliita betoni, twataka kuongeza neno moja: kabla ya kuziba ufa, tuuulize umetoka wapi. Mwenye nyumba anayeufunika kwa plasta na rangi siku ile ile alipouona hakuiponya nyumba yake. Ameficha alama ambayo ingaliweza kuwaokoa watu.

Wengi hudhani kwamba zege ni kama jiwe la mlimani, halizeeki. Sivyo. Zege lina nguvu ya kubeba uzito unaoligandamiza, lakini likivutwa hupasuka upesi. Kwa hiyo mafundi hutia vyuma ndani yake. Katika zege jipya saruji ina ukali kama wa chokaa, na ukali huo huvilinda vyuma visipate kutu. Miaka ikipita, hewa ya kaboni hupenya polepole na kuupunguza ukali huo. Hapo yakiingia maji, chuma huanza kuliwa. Nayo kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, mara mbili na zaidi. Basi husukuma zege kutoka ndani mpaka lipasuke na kumeguka.

Tena uzee wa zege hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Zege lililochanganywa kwa maji mengi mno, au kwa mchanga wenye udongo, au lenye vyuma vilivyo karibu na uso, huzeeka likingali changa. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jumba la ghorofa 6 liliporomoka Huruma, mjini Nairobi, na watu wapatao 50 wakafa. Jumba hilo halikuwa la kale. Lilijengwa karibu na mto, tena lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Alama ilikuwapo ukutani, na wapangaji walikuwamo ndani.

Sisi wa Beni tuna sababu nyingine ya kuwa macho. Twaishi karibu na Ruwenzori na bonde la Semliki, mahali ambapo ardhi hutikisika. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko kubwa lilipiga mpakani mwa Kongo na Uganda, likaua watu zaidi ya 100. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, jingine lilipiga Bukavu na ng'ambo ya Rwanda, ambako waamini waliokuwa wakisali waliangukiwa na kanisa. Nguzo iliyoliwa na kutu yaweza kusimama miaka mingi siku za utulivu. Siku ya tetemeko haina akiba ya nguvu.

Basi jengo hukaguliwaje? Kwanza kwa macho. Nyufa nyembamba kama unywele katika plasta mara nyingi si za kutisha. Lakini ufa unaofuata mstari wa chuma na kutoa doa la rangi ya kutu, ufa wa mshazari katika boriti karibu na nguzo, dari iliyobonyea, mlango uliokuwa ukifungika vema na sasa wakataa, hayo yote yataka mtu mwenye ujuzi. Pili kwa sikio. Fundi hugonga zege kwa nyundo ndogo: lililo zima hulia kwa ukavu, lililoachana ndani hulia kama debe tupu. Tatu kwa subira. Andika kwa kalamu tarehe kwenye ncha za ufa, au ubandike pako dogo la jasi juu yake. Baada ya miezi, ufa ukipita alama au jasi ikikatika, jengo lingali linakwenda.

Injenia naye ana vyombo vyake. Ana nyundo yenye springi iliyobuniwa na Mswisi Ernst Schmidt, ambayo huonyesha ugumu wa uso wa zege. Ana dawa iitwayo fenoliftaleini: ikinyunyizwa kwenye zege lililomegwa sasa hivi, palipo pazima hugeuka rangi ya waridi, na palipokwisha kupoteza ukali hapageuki. Pakiwa na shaka, hukata kipande na kukipima nguvu yake.

Gumu zaidi si kupima, bali kusema. Tangu mwaka 2014 mauaji ya vijijini yamewakimbiza watu wengi waje mjini, na vyumba vinatafutwa sana. Mwenye nyumba hutamani kuongeza ghorofa juu ya nguzo ambazo hazikukusudiwa kuibeba. Mpangaji huona ufa akanyamaza, kwa kuogopa kufukuzwa. Mwalimu huogopa kufunga darasa, maana watoto watakwenda wapi? Twazifahamu shida hizo. Hata hivyo darasa chini ya mwembe kwa mwezi mmoja ni afadhali kuliko darasa chini ya dari isiyojulikana.

Kwa hiyo, akina baba wenye nyumba, kabla ya kuongeza ghorofa mwiteni injenia azitazame nguzo na msingi. Malipo yake ni madogo kuliko bei ya ghorofa moja. Akina mama wapangaji, mwonapo ufa unaokua, mwambieni mwenye nyumba. Asiposikia, mwendeeni mkubwa wa nyumba kumi au ofisi ya komini. Nanyi wanafunzi, mkiona zege limemeguka na chuma kinaonekana, msikibanduebandue kwa mchezo. Mwambieni mwalimu siku hiyo hiyo, naye aandike tarehe.