Mpafu na Ndugu Yake wa Ufilipino

Miti itoayo ubani na manemane ina jamaa wakubwa wa misituni ambao sifa zao hazivumi. Wawili miongoni mwao wafaa kulinganishwa na kila mwenye shamba: mpafu, ambao Waganda huuita muwafu, uotao Uganda, Kongo na magharibi ya Tanzania, na mpili wa visiwa vya Ufilipino, ambao wenyeji huuita pili. Jina hilo si la kuhesabu, wala halina udugu na pilipili.

Mpafu ni jitu la msitu, hufikia hata mita 50. Tunda lake, lenye rangi ya zambarau iliyokaribia weusi, ni la sentimita 3 au 4. Mpishi aliyezoea hulitia katika maji ya uvuguvugu na kulifunika mpaka lilainike, ndipo liliwe kwa chumvi. Maji yachemkayo hayafai. Kokwa aghalabu hutupwa, kwa kuwa ganda lake ni gumu mno na viini vyake ni vidogo.

Mpili ni mfupi zaidi, yapata mita 20, lakini kiini chake ndicho fahari yake. Huko Bikol, kusini mwa kisiwa cha Luzon, kokwa hupasuliwa kwa pigo moja la panga zito, na kiini, ambacho karibu sehemu 7 katika 10 ni mafuta, hukaangwa au hupikwa kwa sukari. Nyama ya tunda nayo huchemshwa ikaliwa.

Utomvu wa miti yote miwili hunukia. Ule wa Ufilipino huuzwa ng'ambo kwa ajili ya manukato na vanishi. Wa mpafu hufukizwa, na zamani uliwashwa kama mwenge. Agemaye asichanje kwa kina, asije akaua mti.

Tofauti kubwa imo mikononi mwa watu. Miti hii ina dume na jike, na mche hauonyeshi jinsia yake mpaka utoe maua, baada ya miaka mingi ya kungoja. Wakulima wa Ufilipino waliondoa shaka hiyo kwa kubebesha: tawi la jike lijulikanalo kwa uzazi mwema huungwa juu ya mche. Mpafu haukupata malezi kama hayo. Wengi bado huota wenyewe kutokana na kokwa ziangushwazo na ndege, na iliyo mikubwa hukatwa mbao, zitumiwazo mahali pa mkangazi.

Basi apandaye kokwa za mpafu na apande miche kadhaa karibu karibu. Ule utoao maua bila matunda usikatwe kwa haraka kwa kuitwa tasa. Yamkini ndio dume pekee la mahali hapo, nao ukiondoka, majike yaliyoko jirani hayatazaa.