Soma gazeti la binti yako kabla ya kufungia karanga

Mwaka 1891, mjini London, katika nyumba namba 22 ya mtaa wa Hyde Park Gate, watoto wa bwana Leslie Stephen walianzisha gazeti la kila wiki. Hawakuwa na mashine ya kuchapa. Waliandika kwa mkono, wakiiga magazeti ya wakubwa, wakalipa jina la mtaa wao: Hyde Park Gate News. Vanessa alikuwa na miaka 11, Thoby 10, na Virginia 9.

Habari zake zilikuwa za nyumbani: nani amekuja kutembea, nani anasherehekea siku ya kuzaliwa, nani ni mgonjwa. Kulikuwa na vichekesho, barua za kubuni, na hata hadithi ya kuendelea kuhusu mtu wa mjini aliyekwenda kulima bila kujua kulima. Mimi ninayeandika habari za mtaa ninajua kwamba kazi hiyo si rahisi. Kumwandika jirani ambaye kesho mtakutana mlangoni kunahitaji moyo.

Gazeti likiwa tayari, watoto waliliweka kwenye meza, karibu na kiti cha mama yao, Julia, kisha wakajificha kungoja aseme nini. Vanessa alikumbuka jambo hilo hata uzeeni. Na mama alilisoma.

Hapo ninawasifu wazazi hao. Lakini kuna jambo ninalowalaumu. Thoby alipelekwa shule ya bweni, na baadaye chuo kikuu cha Cambridge. Dada zake walibaki kufundishwa nyumbani. Kaka alipokuwa shuleni, kazi ya gazeti ilibaki mikononi mwa wasichana, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililokuwa darasa lao la kweli. Virginia alijifunza kuandika kwa tarehe, kila wiki, kwa ajili ya msomaji ambaye angeweza kuchoka.

Mtu ataniambia: hao walikuwa watu wenye mali, nyumba imejaa vitabu, na baba mwenyewe alikuwa mhariri wa kamusi kubwa ya maisha ya watu wa Uingereza. Ni kweli. Ila gazeti lenyewe lilitaka karatasi, wino, na mtu mzima mmoja wa kulisoma. Huyo mtu mzima ndiye anayekosekana katika nyumba zetu nyingi. Binti akiinama juu ya kaye yake jioni, anaandika kitu ambacho mwalimu hakumwagiza, anaitwa: acha mchezo, kuja uoshe vyombo! Kaka yake haitwi. Mwaka wa masomo ukiisha, kaye zote zinakwenda kwa mama muuza karanga, bila mtu kuzifungua.

Watoto wa Stephen hawakutupiwa karatasi zao. Julia alifariki mwezi wa 5 mwaka 1895, na gazeti likanyamaza mwaka huohuo. Virginia alikuwa na miaka 13. Baadhi ya matoleo yaliokoka, na leo yanahifadhiwa katika maktaba ya taifa ya Uingereza. Mwaka 2005 yalichapishwa kuwa kitabu.

Ndani yake kuna habari fupi ya mwezi wa 9 mwaka 1892, familia ikiwa likizoni St Ives, kando ya bahari. Upepo ulikuwa mzuri, na Thoby na Virginia wakaalikwa kwenda kwa mashua hadi kwenye mnara wa taa. Mdogo wao Adrian, mwenye miaka 8, hakuruhusiwa, akasikitika sana. Ni mistari michache tu. Miaka 35 baadaye, Virginia, aliyekuwa sasa anaitwa Virginia Woolf, alitoa kitabu To the Lighthouse. Kinaanza na mtoto wa kiume anayetamani kwenda kwenye mnara wa taa, na baba yake anamwambia kwamba kesho hali ya hewa haitaruhusu.