Majira ya baridi: gari lipi litoke, lipi libaki bandani?

Katikati ya Januari 2024 baridi iliyoshuka chini ya nyuzi 18 chini ya sifuri za Selsiasi ililibana jiji la Chicago, na picha kutoka huko zikaenea duniani kwa siku chache tu. Kwenye vituo vya kuchajia vya Tesla, kikiwemo cha kitongoji cha Oak Brook, magari yalipanga foleni kwa saa nyingi. Mengine yaliishiwa chaji kabla zamu yao haijafika, yakaondolewa kwa kuvutwa. Waliokuwa na shaka na magari ya umeme wakapata ushahidi waliokuwa wakiusubiri, na ushauri wanaoutoa kwa kila familia yenye magari mawili ni uleule: Desemba ikiingia, la umeme lifunikwe turubai, la petroli ndilo litoke.

Ushauri huo unaingia akilini haraka, lakini kwa safari nyingi za kila siku ni wa kinyumenyume.

Siku chache kabla ya kadhia ya Chicago, Norway ilikuwa ndani ya baridi kali zaidi. Tarehe 5 Januari kipimajoto cha Kautokeino, kaskazini mwa nchi hiyo, kilisoma nyuzi 43.5 chini ya sifuri, kiwango kisichoonekana huko kwa takriban miaka 25. Viking, kampuni inayosaidia magari yaliyokwama barabarani, ilipokea maombi yapatayo 34,000 katika siku tisa za kwanza za mwaka. Magari ya umeme yalikuwa asilimia 13 tu ya maombi hayo, ilhali wakati huo yalikaribia robo ya magari yote ya binafsi nchini. Asilimia 87 iliyobaki ilikuwa ya petroli na dizeli.

Mpinzani makini atasema magari ya umeme ya Norway mengi ni mapya, na gari jipya huharibika mara chache kuliko kuukuu. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo haitoshi kueleza kwa nini nchi yenye baridi kuliko Chicago haikuwa na foleni za aina ile. Jibu liko katika mambo mawili ambayo wabishi wa pande zote huyaruka: baridi inafanya nini hasa ndani ya kila gari, na gari hilo limelala wapi usiku.

Tuanze na la umeme. Betri ya lithiamu hufanya kazi kwa chembe za umeme kusafiri ndani ya kimiminika kutoka upande mmoja hadi mwingine. Baridi ikizidi, safari hiyo inakuwa nzito. Kuchaji kwa kasi betri iliyo chini ya nyuzi sifuri kunaweza kuifanya lithiamu igande kama utando wa metali juu ya elektrodi hasi, na uharibifu huo haurekebishiki. Kwa hiyo kompyuta ya gari hupunguza kasi ya kuchaji yenyewe mpaka betri ipate joto. Dereva anayefika kituoni na betri iliyoganda anaona mashine ni mbovu, kumbe gari linajilinda.

Lakini kinachokula chaji zaidi ni joto la abiria. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari matano ya umeme mwaka 2019 katika nyuzi 7 chini ya sifuri. Bila kuwasha hita, umbali wa kusafiri ulipungua kwa wastani wa asilimia 12. Hita ilipowashwa, ulipungua kwa asilimia 41. Injini ya petroli ni jiko lililofungwa magurudumu: sehemu kubwa ya mafuta inayoyachoma hupotea kama joto, na dereva anachofanya ni kulielekeza joto hilo la bure miguuni mwake. Mota ya umeme haina upotevu huo mkubwa, kwa hiyo joto la abiria sharti litoke kwenye betri ileile inayosukuma gari.

Watengenezaji wamelijua tatizo hilo, na wengi sasa wanafunga pampu ya joto, mtambo unaovuta joto kutoka hewa ya nje na kutumia umeme mdogo kuliko hita ya waya. Kila majira ya baridi chama cha magari cha Norway, NAF, huendesha magari mapya ya umeme mpaka yaishiwe chaji. Katika jaribio la mwaka 2024, Tesla Model 3 iliyotangazwa kwenda kilomita 629 ilikwenda 441. Hasara ya asilimia 30 si ndogo, na muuzaji anayeificha anamdanganya mteja. Hata hivyo kilomita 441 ni karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na mfanyakazi wa Oslo hahitaji umbali huo ili kwenda kazini na kurudi.

Sasa upande wa petroli, ambao adha zake za baridi hazichukuliwi video. Kwa mujibu wa AAA, betri ya kawaida ya kuwashia gari hupoteza takriban asilimia 60 ya nguvu zake joto likifika nyuzi 18 chini ya sifuri. Hapohapo oili imekuwa nzito na stata inahitaji nguvu kubwa zaidi kuizungusha injini. Dizeli ina adha ya ziada: nta iliyomo ndani yake huanza kuganda na kuziba chujio, ndiyo maana nchi za baridi huuza dizeli maalumu ya majira hayo. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba katika nyuzi 7 chini ya sifuri gari la petroli mjini hupoteza takriban asilimia 15 ya umbali linaokwenda kwa kiasi kilekile cha mafuta, ukilinganisha na siku ya nyuzi 25. Kwenye safari fupi za kilomita tano au sita, hasara inaweza kufika asilimia 24.

Safari fupi ndipo penye kiini cha jambo. Injini ya petroli inayowashwa kwenye baridi kali, ikaenda shuleni, ikazimwa, ikaenda dukani, ikazimwa tena, haipati moto wake kamili siku nzima. Inameza mafuta kupita kiasi, maji yanayotokana na kuungua kwa petroli yanabaki ndani ya oili na ekzosi badala ya kuondoka kama mvuke, na watoto wanafika shuleni kabla hita haijaanza kutoa hewa ya moto. Gari la umeme nalo hula chaji nyingi kwa kila kilomita kwenye safari za namna hiyo, maana linapasha joto upya kila mara. Ila lililolala kwenye soketi limeamka na chaji ya kutosha, na limepashwa joto kwa umeme wa nyumba kabla mwenyewe hajafungua mlango. Likienda kilomita 40 kwa siku, kupoteza theluthi ya uwezo wa kilomita 400 hakumsumbui mtu.

Kwa familia yenye moja la kila aina, basi, zamu sahihi inafuata safari. Haifuati kalenda. La umeme lichukue shule, kazi, soko na kanisa au msikiti ndani ya mji. La petroli litoke siku ya safari ndefu inayovuka nyika zenye vituo vichache vya kuchajia, na katikati ya juma lizungushwe kidogo ili betri yake isife bandani. Anayefanya kinyume anaitumia petroli pale inapokuwa dhaifu kuliko popote, na analificha la umeme wakati lina nafasi nzuri ya kumwokolea fedha.

Hoja inayosikika sana ni ya kunaswa katika dhoruba. Tarehe 3 na 4 Januari 2022 theluji ilifunga barabara kuu ya I-95 jimboni Virginia, na watu walilala ndani ya magari. Mmoja wao alikuwa Seneta Tim Kaine, aliyetumia saa 27 kutoka Richmond hadi Washington. Je, aliye kwenye gari la umeme angeganda? Hesabu ni nyepesi. Betri ya uniti 60 (kilowati-saa) iliyobakiwa na asilimia 70 ina uniti 42, na hita ikila uniti mbili kwa saa, joto litadumu saa 21. Anayepunguza hita na kutegemea joto la kiti anakwenda mbali zaidi. Gari la petroli lenye tangi lililojaa litadumu zaidi ya hapo, na hilo linastahili kukubaliwa. Lakini theluji ikiziba ekzosi, moshi wenye kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, unaweza kuingia ndani na kuua waliolala. Lolote litakalochaguliwa, aliyeondoka nyumbani na robo ya tangi au robo ya chaji siku ya tahadhari ya dhoruba ndiye aliye hatarini.

Wengine huona gari la mseto la kuchaji, lenye injini ya petroli na betri ya kuchomekwa, ndiyo njia ya kukwepa ubishi wote. Si mara zote. Chevrolet Volt, kwa mfano, iliundwa iwashe injini ya petroli yenyewe baridi inapozidi hata kama betri imejaa, kwa sababu joto la injini lilihitajika. Mnunuzi aliyetarajia majira yote ya baridi bila tone la petroli alishangaa kusikia muungurumo asubuhi. Kabla ya kulipa, ni busara kumuuliza muuzaji gari husika linapata wapi joto la abiria na linawasha injini katika nyuzi ngapi.

Turudi Chicago. Wengi wa walionaswa walitegemea vituo vya umma. Walifika na betri baridi, mashine zikachaji polepole, foleni ikarefuka, na waliosubiri wakaendelea kuwasha hita na kumaliza chaji iliyobaki. Kila hatua ilizaa inayofuata. Anayechaji nyumbani usiku hayumo katika mnyororo huo.

Waswahili walio Minnesota, Iowa, Alberta au Manitoba wana sababu ya kulitazama hili kwa makini, hasa waliopanga katika majengo ya ghorofa na kuegesha mtaani, na wanaoendesha abiria kwa kutwa nzima. Kwa mtu asiye na soketi anapolala, na ambaye mkate wake unategemea kilomita 300 kwa siku, gari la umeme kama gari pekee ni mzigo katika miezi ya baridi. Hapaswi kuonewa aibu kwa kubaki na petroli au mseto wa kawaida. Anastahili kuwekewa mahali pa kuchaji.

Na jambo hilo si geni katika miji ya baridi kali. Katika Winnipeg nchini Canada na Fairbanks jimboni Alaska, viwanja vya kuegesha magari vina soketi tangu zamani, zilizowekwa kwa ajili ya magari ya petroli. Mwenye gari huchomeka waya usiku ili kipasha joto kidogo kisiache injini igande. Waliokuwa wakicheka gari linalochomekwa ukutani wamekuwa wakichomeka ya kwao kwa miongo mingi. Soketi hizo hazina nguvu ya mashine za kasi, lakini kwa gari linalolala saa kumi zinaongeza chaji ya matumizi ya mjini.

Norway yenyewe haikufika ilipo kwa bahati. Mwaka 1989 mwanamazingira Frederic Hauge na wanamuziki wa kundi la a-ha, Morten Harket na Magne Furuholmen, walipita vituo vya ushuru wa barabara na Fiat Panda iliyogeuzwa kuwa ya umeme, wakagoma kulipa. Gari lilikamatwa na kupigwa mnada, lakini kufikia 1997 magari ya umeme yalisamehewa ushuru huo. Kodi ya ununuzi ilikuwa imeondolewa tayari, na mwaka 2001 ikaondolewa kodi ya ongezeko la thamani. Juu ya hayo kuna umeme mwingi wa maji na nyumba nyingi zenye pa kuchomekea. Mwaka 2024, karibu magari mapya tisa kati ya kila kumi yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme.

Kwa msomaji wa Mombasa au Mwanza, hofu ya baridi haimhusu. Yake ni joto. Nissan Leaf za mwanzo, ambazo betri zake hazipoozwi kwa maji, zilichakaa haraka katika jua la Arizona, na anayeagiza Leaf iliyotumika apimiwe afya ya betri kabla ya kutoa fedha.

Kwa walioko kwenye theluji, halmashauri za miji ndizo zenye deni kubwa. Sheria za ujenzi ziwalazimishe wenye majengo ya kupangisha kuweka soketi katika maegesho, na vituo vya umma vipewe mafundi wa dharura wakati wa baridi kali. Familia yenye magari mawili haina haja ya kusubiri sheria yoyote: Desemba ikiingia, la umeme lichomekwe usiku na liende kazini asubuhi, na la petroli lijazwe tangi lingoje safari ya mbali.